SOMO: Mwanga mkali au hafifu mbele ya kompyuta? Panga chumba kwanza, skrini baadaye

Wakuu, mabishano haya hayaishi. Wapo wanaotaka chumba king'ae kama uwanja wa mpira usiku, na wapo wanaozima kila taa wakabaki na skrini peke yake. Wote wanaangalia taa tu. Jicho lenyewe linapokea mambo mawili kwa pamoja: skrini, na ukuta au dirisha lililo nyuma yake. Vikitofautiana sana kwa mwanga, macho yanalazimika kujirekebisha kila yanapohama, na jioni unaanza kuyafikicha. Kwa hiyo kazi yetu hapa ni kuvisogeza viwili hivyo vikaribiane. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana ukianza na ya tatu utairudia.

Hatua ya 1: Dirisha

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo watu wanaporuka. Jua la mchana nje hufika luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na hata siku ya mawingu zinaweza kuwa 10,000 hivi. Skrini ya kawaida ya kompyuta mpakato haina ubavu wa kushindana na hilo. Ukiweka dirisha nyuma ya skrini, maandishi yanafifia mbele ya anga. Ukilipa mgongo, linajionyesha lenyewe kwenye kioo. Liweke ubavuni, kulia au kushoto, na kama meza haihamishiki, pazia jepesi litapunguza makali bila kuleta giza.

Kisha jaribu hivi: zima skrini kabisa, kaa kama ulivyozoea, tazama kile kioo cheusi. Chochote utakachokiona humo, iwe balbu, dirisha au shati lako jeupe, ndicho kinachoyafunika maandishi unapofanya kazi, ila ukiwa umeiwasha huking'amui. Geuza skrini kidogo au isogeze taa mpaka kioo kibaki cheusi.

Hatua ya 2: Taa ya chumba

Viwango vya Ulaya vya taa za kazini vinataka luksi 500 mezani kwa kazi ya kusoma, kuandika na kuingiza data. Sebule nyingi usiku hazifiki hata 150. Lakini kiwango hicho kinamfikiria pia mtu mwenye makaratasi mezani. Kama kazi yako yote iko kwenye skrini, chumba kinaweza kuwa na mwanga mdogo zaidi ya hapo na ukafanya kazi vizuri tu.

Mwenye makaratasi atumie taa mbili: ya chumba, isiyo kali sana, na ya meza inayomulika karatasi peke yake. Kichwa cha taa ya meza kielekee chini, kisiguse skrini wala macho yako. Anayeandika kwa mkono wa kulia aiweke kushoto, vinginevyo kivuli cha mkono kitaangukia maandishi.

Hatua ya 3: Skrini

Sasa ndiyo uguse mwangaza wa skrini. Fungua ukurasa mtupu mweupe, shika karatasi nyeupe pembeni yake, linganisha. Skrini ikionekana kama taa inayowaka, punguza. Ikionekana ya kijivu, ongeza. Zikifanana, umefika. Rudia mwanga wa chumba unapobadilika, hasa jua likizama. Usiamini kiwango ilichokuja nacho kutoka kiwandani. Skrini nyingi huwekwa kali ili zivutie dukani.

Hatua ya 4: Usiku

Weka taa ndogo nyuma ya skrini ikimulika ukuta. Inapunguza ile tofauti kati ya skrini na giza, na haiwezi kuakisiwa kwenye kioo kwa sababu iko nyuma yake. Kwa saa za mwisho kabla ya kulala chagua balbu ya rangi ya joto, yaani ya umanjano, kelvini 2,700 hadi 3,000 (kipimo cha rangi ya mwanga, kimeandikwa kwenye boksi la balbu). Anayehariri picha asitumie balbu hiyo wakati wa kazi, maana itamdanganya rangi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimeambiwa tangu utotoni kwamba kusoma gizani kunapofusha. Ni kweli?

Jibu: Hapana. Mwanga hafifu unachosha macho na unaweza kuleta kichwa kuuma, lakini ukipumzika hali inarudi. Macho kukauka na kuwasha mara nyingi hutokana na jambo jingine: mbele ya skrini tunasahau kupepesa. Kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika. Akikodolea skrini idadi inaweza kushuka chini ya nusu. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, upepese kwa makusudi.

Swali: Maandishi meupe kwenye weusi si ndiyo dawa?

Jibu: Kwenye chumba chenye giza yanasaidia. Mchana nayapinga. Ukurasa ukiwa mweusi mboni inapanuka, na mboni iliyopanuka huona kingo za herufi kwa ukali mdogo. Wenye astigmatizimu, yaani jicho lisilo na mviringo sawasawa, ndio huumia zaidi: herufi nyeupe zinawatawanyikia kama zina ukungu.

Swali: Vipi miwani ya kuzuia mwanga wa bluu?

Jibu: Tunza hela yako. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi ukilinganisha na miwani ya kawaida. Mwanga wa bluu unahusika kweli na saa ya mwili, lakini kwa hilo punguza skrini na taa usiku.

Swali: Mimi nikipunguza mwangaza wa skrini ndiyo kichwa kinauma. Mbona kinyume?

Jibu: Baadhi ya skrini hazipunguzi mwanga kwa kuufifisha. Zinawaka na kuzimika kwa kasi kubwa, na kadiri unavyopunguza ndivyo muda wa kuzimika unavyokuwa mrefu. Irekodi kwa simu, video ya mwendo wa pole: ukiona mistari inatembea, huenda ndilo tatizo. Acha mwangaza wa skrini juu, ongeza taa ya chumba, na tumia programu inayotia rangi giza badala ya kitufe cha mwangaza.

Swali: Nafanya kazi chumba kimoja na mzee wa miaka 60. Yeye anawasha taa zote, mimi nazima. Nani yuko sahihi?

Jibu: Wote. Lenzi ya jicho hubadilika rangi na mboni husinyaa kwa umri, hata retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ya mtu wa miaka 60 hupata kama theluthi moja ya mwanga unaoifikia ya kijana wa 20. Mzee apewe taa yake ya meza, ile ya darini ipunguzwe. Wewe ndiye uhame ukae mbali na taa yake, siyo yeye.