Jinsi ya Kuigiza Jukwaani na Kwenye Runinga Jijini Nairobi

Mwigizaji wa kike anayetaka kudumu katika kazi hii jijini Nairobi asichague baina ya jukwaa na runinga, kwa kuwa ni nadra upande mmoja pekee kumlipia kodi ya nyumba mwaka mzima. Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, uliofunguliwa mwaka wa 1952, na studio za KBC, Shirika la Utangazaji la Kenya, ziko kwenye Barabara ile ile ya Harry Thuku, lakini kazi zake hazifanani.

Anza jukwaani. Vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza tamthilia teule za mtihani wa kidato cha nne, KCSE, hudharauliwa bure, ilhali ni chuo kamili: utaigiza katika bwalo lisilo na maikrofoni, mbele ya wanafunzi wasiosita kukuzomea, kisha utabadilisha leso nyuma ya pazia haraka ili urudi ukiwa mhusika mwingine. Huko utajifunza kuvuta pumzi kutoka tumboni, kutoimeza silabi ya mwisho, na kungoja kicheko kitulie ndipo uendelee.

Ukipata nafasi ya runinga, punguza kila kitu, kwani ishara ya mkono iliyofika safu ya nyuma ukumbini huwa kichekesho kamera ikikaribia uso. Onyesho moja hurekodiwa mara kadhaa kutoka pembe mbalimbali. Kwa hiyo, ikiwa uliinua kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto ulipotaja jina la mumeo, ukiinue vivyo hivyo kila mara, la sivyo mhariri atashindwa kuziunganisha picha. Andika hayo kwa penseli pembeni mwa skripti. Andika pia yale ambayo mhusika ameshayajua kufikia onyesho hilo, maana huenda ukarekodi matanga asubuhi na posa alasiri, ingawa katika hadithi posa ndiyo iliyotangulia.

Mary Khavere wa Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha KBC, anajulikana zaidi kwa jina la mhusika wake, Mama Kayai. Umaarufu kama huo ni neema, ila si kila mtu huupata, na waongozaji huzoea kukuona kwa sura moja. Basi ukimaliza msimu ukiwa mama mkali, tafuta mchezo wa jukwaani utakaokufanya mjane mpole, au hata mlevi.

Mkataba usome wote kabla ya kutia sahihi, wala usione haya kuuliza iwapo utalipwa kipindi kikirudiwa, na ni nani atakayekufikisha nyumbani Kayole au Rongai mazoezi yakiisha saa nne usiku.