Kuitangaza Biashara Ndogo Mombasa kwa Bango, Karatasi na Redio

Mwenye duka dogo anayetaka kujulikana hana haja ya kuanzia redioni. Aanzie ukutani pake, kisha aende mahali ambapo wateja wake husubiri jambo jingine, na matangazo ya mbali, ambayo ndiyo ghali, yaje mwisho. Nitatumia mfano wa fundi wa kanzu na mabuibui aliye Majengo, kwa kuwa kazi yake ina msimu unaojulikana na kila mtu.

Bango la dukani ndilo linalostahili kufikiriwa kwa muda mrefu zaidi, maana hulipiwa mara moja na hufanya kazi kila siku. Kipo kipimo cha zamani cha wachoraji wa mabango: kwa kila mita tatu za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita mbili na nusu hivi. Mteja akiwa ng'ambo ya barabara, mita 15 kutoka mlangoni, herufi za sentimita 12 au 13 atazisoma bila taabu, ilhali zile za sentimita 5 zitakuwa pambo tu. Kwa hiyo maneno hayana budi kuwa machache. "Twashona kanzu na buibui" yatosha, na nambari ya simu chini yake. Orodha ya kila kitu, kuanzia mashela hadi sare za shule, haisomwi na mtu anayetembea juani. Kabla ya kumlipa mchoraji, andika neno moja kwa kimo hicho kwenye karatasi, ulibandike ukutani, uvuke barabara ukaliangalie.

Hewa ya bahari nayo ina madai yake. Chumvi hula bati kuanzia kingoni, hivyo rangi ya kuzuia kutu ipakwe kwanza mbele, nyuma na kwenye kila tundu la msumari. Nyekundu hupauka upesi kwa jua, kwa hiyo maandishi yenyewe yawe meusi au buluu nzito. Ukichagua turubai lililochapishwa, kumbuka kwamba kusi hulijaza kama tanga. Lifungwe kingo zote nne kwa kamba nyingi. Langu la kwanza nililifunga pembeni tu, na wiki ya pili nikaliokota mtaroni.

Udhibiti wa matangazo ya nje, pamoja na wa kelele, ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Ulizia kibali na ada yake katika ofisi za kaunti kabla ya kutundika chochote barabarani au kukodi gari la vipaza sauti.

Vipeperushi ni rahisi, na ndiyo sababu hupotezwa ovyo. Karatasi moja ya A4 hutoa vinne vya A6, kwa hiyo karatasi 250 zitakupa vipeperushi 1,000. Nakala ya majaribio usiisome kwa macho tu: ipigie simu nambari iliyochapishwa. Niliwahi kuchapisha elfu nzima zenye tarakimu moja ya simu iliyokosewa, na kosa lilikuwa katika mwandiko wangu mwenyewe. Likoni ni mahali pazuri, mradi uombe ruhusa na uwape watu wanaoisubiri feri. Anayeshuka ana haraka na mikono yake imejaa. Fundi wetu agawe mwezi wa Shaabani, kwani likifika kumi la mwisho la Ramadhani kila cherehani ina foleni, na tangazo la wakati huo humletea wateja atakaolazimika kuwarudisha.

Mfuko wa kubebea nguo usisahauliwe. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, karatasi imechukua sehemu ya nafasi yake, na muhuri wa mpira wenye jina la duka hugongwa juu yake kwa gharama ya wino tu.

Redio, kama vile Pwani FM au Baraka FM, inafaa pale duka linapoweza kuhudumia watu wa mbali. Ukiwa na fedha za matangazo machache, yaweke saa ileile siku zinazofuatana, badala ya kuyatawanya mwezi mzima.

Ili ujue kipi kimeleta wateja, kata pembe ya kulia ya vipeperushi vya Likoni na ya kushoto ya vile vya Kongowea, na umwombe mteja aje nacho apunguziwe bei. Asiye nacho muulize amelijuaje duka, uandike jibu daftarini mbele yake, kabla hujachukua vipimo.