Usifyeke Mimea ya Porini Kabla Mbegu Hazijakomaa

Wengi hufyeka kingo za shamba maua yakiwa yamechanua, wakidhani mmea umeshamaliza kazi yake. Hapana. Ua lililochanua leo linahitaji wiki kadhaa ndipo litoe mbegu inayoweza kuota.

Mimea ya aina moja haichanui yote siku moja, hata ikiwa bega kwa bega. Inayowahi hupata muda mrefu wa kukomaza mbegu kabla ya ukame au baridi kuingia. Lakini mara nyingi huchanua ikiwa bado midogo, maua yake ni machache, na nyuki pengine bado hawajawa wengi. Inayochelewa imeshajijenga na ina matawi ya kutosha. Unyevu ukikatika mapema, huishia kutoa mapepe, yaani maganda matupu yasiyo na mbegu.

Kuchanua na wenzake kuna faida kubwa. Maua mengi huvuta nyuki, na aina nyingi haziwezi kujichavusha: lazima zipate chavua ya mmea mwingine. Mmea uliochanua peke yake unaweza kujaa maua na usipate mbegu hata moja. Ila wadudu wanaotaga mayai kwenye vitumba, ambao mabuu yao hula mbegu changa, nao hufuata wingi huohuo. Hapo aliyewahi au aliyechelewa ndiye huponyoka. Mvua nayo huamua: mwaka inapokatika mapema huwabeba waliowahi, na mwaka inapodumu huwabeba waliochelewa.

Hili nalisisitiza kwa anayekusanya mbegu za porini ili kupanda malisho au kurudisha uoto. Muda wa kuchanua kwa sehemu hurithiwa. Ukivuna siku moja tu, unachukua kizazi cha kundi moja na kuwaacha wengine bila kujua. Pita angalau mara tatu msimu mzima, chukua kidogo kwenye mimea mingi, na uache mbegu nyingi zidondoke palepale.

Kufyeka kuwe kwa zamu: kipande kimoja sasa, kingine kisubiri hadi maganda yakauke na mbegu zianze kupukutika. Magugu sugu na mimea vamizi ni kinyume chake, ing'oe kabla haijatoa ua la kwanza. Na dawa ya wadudu usiinyunyize kingo zikiwa na maua, hata kama mazao yako yenyewe bado hayajachanua.