Kabla Mzee Hajapasuliwa Tezi Dume

Upasuaji wa kufungua chini ya kitovu ili kutoa tezi dume iliyovimba na kubana mkojo ni wa zamani. Peter Freyer aliufanya London mwaka 1900: kibofu kinapasuliwa, kidole kinaingia na kubandua uvimbe kwenye ganda lake, kama anayetoa nyama ya chungwa na kuliacha ganda. Mwaka 1945 Terence Millin akaeleza njia ya kupitia nyuma ya mfupa wa kinena bila kupasua kibofu, mishipa inayovuja ikaonekana vizuri zaidi. Siku hizi kuna kukwangua kupitia njia ya mkojo, lakini tezi ikizidi gramu 80 hivi, mara nyingi bado mzee hufunguliwa. Hatari za enzi zile ndizo tunazojiandaa nazo mpaka leo: figo, vijidudu kwenye mkojo na damu.

Figo kwanza. Wapasuaji wa zamani walipasua mara mbili: mpira wa kutoa mkojo tumboni, kisha wakangoja siku au wiki figo zipate nafuu, ndipo wakaitoa tezi. Kwa hiyo mzee akiwekewa mpira na kuambiwa arudi baadaye, msione mnazungushwa. Huenda kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, haijashuka. Mpira ukikaa siku nyingi vijidudu havikosi, hivyo mkojo uoteshwe maabara na dawa ianze kabla, la sivyo tezi ikibanduliwa vinaingia kwenye damu.

Damu ndiyo inayowasumbua watu wengi. Ulizeni mapema ni chupa ngapi zitawekwa akiba. Mbili ni kawaida. Ndugu wenye miaka 18 hadi 65 na kilo zisizopungua 50 wakachangie siku kadhaa kabla. Kuwasubiri wanaotoka Makete asubuhi ya upasuaji ni kucheza na barabara. Kama mzee anatumia aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, daktari ajue angalau wiki moja kabla, na yeye ndiye aseme isimamishwe lini. Msimwachishe wenyewe, hasa mwenye ugonjwa wa moyo.

Baridi ya Juni na Julai huku Mbeya na Njombe ina mtego wake: mzee akipata mafua anaenda duka la dawa, na vidonge vya kufungua pua huweza kuuziba mkojo kabisa. Aulize kwanza. Kama amepata kikohozi kizito, aseme, kwani kukohoa juu ya mshono ni balaa.

Chakula kikome saa sita kabla ya ganzi. Chai ya maziwa nayo ni chakula.

Baada ya upasuaji, maji ya chumvi hupita kwenye kibofu kwa mpira wenye njia tatu. Anayelala naye wodini aangalie mfuko: rangi ya waridi ni sawa, wekundu mzito wenye mabonge si sawa. Maji yakiingia lakini hayatoki, na tumbo linajaa, bonge limeziba. Muiteni muuguzi papo hapo, msivute mpira. Wiki sita asibebe mzigo wala asipande bodaboda.

Mzee na mkewe waambiwe mapema kwamba mara nyingi shahawa hurudi kibofuni, hazitoki nje.

Kilichotolewa kipelekwe maabara. Ganda la tezi hubaki mwilini na saratani inaweza kuota humo, hivyo vipimo vya tezi dume haviishii hapo.