Mwanza hadi Dar kwa ndege: hesabu za kufanya kabla hujafunga begi

Kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi ule wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ukipima moja kwa moja angani ni takriban kilomita 850. Kwa barabara, kupitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, ni zaidi ya 1,100. Jeti ikishafika juu hukata kilomita 800 hivi kwa saa, kwa hiyo wengi hushangaa kuona tiketi imeandika karibu saa moja na nusu. Muda huo huanza ndege inapotoka kwenye maegesho na kuisha inaposimama tena, hivyo kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda na kungoja zamu ya kutua vyote vimo. Ndege ya mapangaboi huchukua muda zaidi kidogo. Kabla ya kulipa, hakikisha safari haipitii Kilimanjaro wala Bukoba.

Sasa soma saa, maana hapa ndipo watu wanapoachwa. Tiketi haijui saa zetu: 06:10 ni saa 12:10 asubuhi, 12:10 ni saa 6:10 mchana, 18:10 ni saa 12:10 jioni. Kama unaunganisha ndege ya nje ya nchi iliyoandikwa 00:40 tarehe 15, unatakiwa uwe uwanjani usiku wa tarehe 14. Ziandike saa hizo kwa Kiswahili kwenye karatasi, umpe na dereva.

Kisha hesabu kurudi nyuma. Kaunta hufungwa mapema, mara nyingi dakika 45 hadi 60 kabla ya ndege kuondoka, na ikifungwa imefungwa hata kama ndege unaiona dirishani. Uwanja wa Mwanza uko Ilemela, kama kilomita 10 kutoka mjini, ila foleni ya Kirumba na Pasiansi haina adabu. Anayetoka Buhongwa au Igoma ajiongezee saa nzima. Wa Sengerema na Geita wamepata nafuu: tangu 2025 wanavuka Kigongo–Busisi juu ya daraja la kilomita 3 badala ya kungojea kivuko.

Samaki ndio mzigo wa Mwanza, na ndio unaozuiwa zaidi. Sato au sangara agandishwe mpaka awe mgumu kama jiwe, usiku mzima au zaidi, afungwe kwa magazeti mengi, aingie kwenye ndoo yenye mfuniko uliozungushiwa solotepu. Usiweke barafu: ikiyeyuka, maji yatachuruzika kwenye mabegi ya wenzako na mzigo utakataliwa. Dagaa wawe wakavu kabisa. Pima nyumbani, ukilinganisha na kilo zilizoandikwa kwenye tiketi yako. Pawabenki ikae begi la mkononi. Iliyoandikwa mAh 20,000 (kiasi cha chaji inachobeba) ni kama wati-saa 74, kipimo cha nishati kinachotumika ndegeni, chini ya kikomo cha kawaida cha wati-saa 100.

Kuhusu hali ya hewa: ngurumo za Ziwa Victoria hupenda usiku kuelekea alfajiri, hasa miezi ya mvua, kwa hiyo ndege ya kwanza inaweza kusubiri anga lifunguke. Ikichelewa hiyo, safari zinazofuata kwa ndege ileile huchelewa pia. Mwenye miadi ya Muhimbili, kesi au usaili asiruke siku hiyohiyo. Aende jana yake. Mwenye tiketi mbili zilizonunuliwa kando kando aache angalau saa tano katikati, kwani shirika la pili halitamsubiri.