Simu janja kama kompyuta ya mfukoni: mpangilio ninaoutumia soko la samaki la Deep Sea, Tanga

Nanunua samaki Deep Sea kila alfajiri na kuwasambazia mama wakaanga samaki wa Ngamiani, kuanzia barabara ya 6 hadi ya 15. Miaka yote hesabu zangu zilikaa kwenye daftari lililofungwa kwa mpira. Asubuhi moja daftari likatumbukia kwenye ndoo ya vibua, wino ukatawanyika, na madeni ya wiki tatu yakapotea. Wateja waaminifu walinikumbusha wenyewe wanachodaiwa. Wengine walinyamaza, nami sikuwa na ushahidi. Na wakati huohuo mfukoni nilikuwa na simu janja ambayo ingebeba madaftari elfu, lakini kazi yake ilikuwa kupiga, kupokea pesa na kufungua WhatsApp.

Haya ndiyo niliyoyafanya tangu siku ile, kwa mpangilio uleule ninaowafundisha wenzangu sokoni. Simu yangu ni ya Android, ya bei ya kawaida, yenye hifadhi ya GB 32. Sharti langu ni moja: kila ninachokihitaji nikiwa kazini lazima kifunguke hata bando likiwa limekata. Programu isiyofunguka bila mtandao haipati nafasi kwenye kioo changu cha mbele.

Hatua ya 1: Tembea na karatasi wiki moja

Kabla hujapakua chochote, weka kipande cha karatasi mfukoni pamoja na simu. Kila unapojiuliza jambo ambalo ungependa kulijua papo hapo, liandike. Karatasi yangu ilijaa maneno kama haya: barabara ya 8 namdai shilingi ngapi? Pweza wa juzi niliwanunua kwa bei gani? Maji yanakupwa saa ngapi kesho? Mwenye barafu nimemlipa?

Njia hii ina mwenyewe. Jeff Hawkins wa Marekani, kabla ya kompyuta ya mfukoni iitwayo Palm Pilot kutoka mwaka 1996, alichonga kipande cha mbao chenye ukubwa wa kifaa alichokuwa akikifikiria, akatembea nacho mfukoni. Akiulizwa kama ana nafasi siku fulani, alikitoa na kufanya kana kwamba anaandika juu yake. Hivyo akajua ni wakati gani hasa mtu anakihitaji. Pilot ilipotoka ilikuwa na vitufe vya mambo manne tu: kalenda, anwani, orodha ya kazi na daftari. Ile ya bei ya chini ilikuwa na kumbukumbu ya KB 128, na watu waliendesha nayo maisha yao ya kila siku. Hifadhi ya GB 32 ni zaidi ya mara 200,000 ya hiyo, kwa hiyo simu yako haiwezi kuwa ndogo kwa kazi hii.

Mwisho wa wiki, hesabu kwenye karatasi yako swali lipi limejirudia mara nyingi. Maswali manne ya juu ndiyo simu yako itakayoyajibu kwanza.

Hatua ya 2: Fungua nafasi

Simu nyingi ninazoshikishwa zimejaa picha na video za magrupu. Ingia WhatsApp, nenda kwenye mipangilio, halafu sehemu ya hifadhi na data. Hapo zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Papo hapo kuna sehemu ya kusimamia hifadhi, nayo itakuonyesha faili zinazozidi MB 5. Anza kufuta hizo. Angalia vizuri kabla ya kufuta, maana picha ya marehemu wako inaweza kuwa katikati ya video mia za salamu za Ijumaa.

Hatua ya 3: Kioo cha mbele kibaki na vitu vinne

Bonyeza aikoni kwa muda mrefu, iburute uitoe kwenye kioo cha mbele. Programu haifutiki, inabaki ndani pamoja na nyingine. Mimi nimebakiza daftari, jedwali la hesabu, kalenda na kikokotoo. WhatsApp iko ukurasa wa pili. Huo umbali wa kidole kimoja umeniokolea muda mwingi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nikifungua simu kuandika deni, naandika deni.

Mteja wangu mmoja wa barabara ya 11, mtu mzima, aliniambia, "Mwanangu, mimi hizo herufi sizioni, zimekaa kama dagaa." Nikamwambia, "Lete, mama, nikukuzie." Kwenye mipangilio, sehemu ya kioo, kuna ukubwa wa maandishi. Peleka mbele mpaka usome bila kukunja uso. Mama zetu wengi wanaacha simu kwa sababu hii tu, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha.

Hatua ya 4: Daftari la madeni

Hapa ndipo faida kubwa ilipo, kwa hiyo nitakaa sana.

Natumia Google Sheets, programu ya majedwali ya hesabu. Ukiunda jedwali, bonyeza vidoti vitatu kwenye jina la faili na uchague lipatikane bila mtandao. Usiposema hivyo, siku bando likiisha unaweza kukuta halifunguki. Mstari wa kwanza andika vichwa: A ni tarehe, B mteja, C bidhaa, D kiasi, E alicholipa, F baki. Kwenye F2 andika =D2-E2, halafu nakili fomula hiyo kushuka chini hadi mstari wa 300.

Wateja siwaandiki majina. Naandika B8 kona, B11 msikitini, B14 bombani, yaani B ni barabara, ikifuatiwa na namba yake na mahali. Kwanza ni fupi, pili simu ikipotea, aliyeiokota hatajua siri ya mtu. Kitu muhimu ni kuandika jina vilevile kila siku. B8 kona na B8kona, kwa simu, ni watu wawili.

Ukitaka kujua mteja mmoja anadaiwa jumla gani, nenda kwenye kisanduku kitupu pembeni, kwa mfano H2, uandike:

=SUMIF(B2:B300,"B8 kona",F2:F300)

Jibu linabadilika lenyewe kila unapoongeza deni au malipo. Mimi nina orodha ya wateja wote kwenye H na nikimkaribia mteja nimeshajua cha kusema. Jumla ya pesa yote iliyoko nje unaipata kwa =SUM(F2:F300). Mara ya kwanza nilipoiona hesabu ile nilikaa chini kwenye tenga. Sikujua kwamba nimewakopesha watu zaidi ya mtaji niliobaki nao mkononi.

Kosa linalowaangusha wengi ni namna ya kuandika pesa. Ukiandika 12,000/= kama tulivyozoea kwenye risiti, jedwali linaona ni maneno, si namba. Fomula ya baki itashindwa na kuonyesha #VALUE!, na jumla yako nayo itagoma. Andika 12000 tupu. Dalili ya kutazama: namba hujipanga upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Ukiona kiasi kimekaa kushoto, kirekebishe.

Jambo jingine: deni liandikwe mbele ya mteja. Namsomea, "B8, vibua vya elfu 20, umelipa 12, baki 8." Akikubali nafunga simu. Kabla ya hapo tuligombana mno kwa maneno ya "mimi nakumbuka".

Akilipa kwa simu, usiandike amelipa kwa kuangalia ujumbe peke yake. Angalia salio. Kila Mtanzania anaijua ile ya "hiyo pesa tuma kwenye namba hii", na ujumbe wa kughushi wa malipo ni ndugu yake.

Hatua ya 5: Bei ya kweli ya mzigo

Hii ni fupi lakini ina pesa ndani. Chukua mfano: umenunua pweza kilo 18 kwa shilingi 9,000 kilo, sawa na 162,000. Barafu 3,000, bajaji 4,000. Jumla 169,000. Ukishawasafisha wanabaki kilo 16. Gawanya 169,000 kwa 16, unapata 10,562 na senti. Ukiuza 10,500 ukidhani unapata 1,500 kila kilo, unapata hasara. Gawanya kwa kilo ulizobaki nazo, usigawanye kwa kilo ulizonunua. Nafanya hesabu hii pale pale, kabla bajaji haijaondoka.

Hatua ya 6: Kalenda, saa na maji

Tuanze na saa, maana hapa simu na sisi tunasema lugha mbili. Mwenzangu aliweka kengele saa 10 akikusudia alfajiri. Simu ikalia saa nne asubuhi, boti zimeshapakua na mnada umekwisha. Kwenye mipangilio ya saa weka mfumo wa saa 24, halafu shika hivi: kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6. Saa 4 asubuhi ni 10:00, saa 12 jioni ni 18:00. Kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku, ongeza 18, kwa hiyo saa 3 usiku ni 21:00. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 alfajiri, toa 6. Saa 10 alfajiri ni 04:00. Andika haya kwenye daftari la simu, uyabandike juu mpaka yakukae.

Sasa maji. Pweza wengi tunaowanunua huchokolewa mwambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, na pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia saa nne asubuhi hivi. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wazee huhesabu kwa mwezi wa Kiislamu, mwezi mosi na mwezi kumi na tano, na hesabu yao inafaa sana kwenye simu. Kwenye kalenda ya Google, ingia mipangilio ya jumla utafute kalenda mbadala, chagua ya Hijria. Tarehe ya mwezi itaonekana chini ya kila siku. Inaweza kupishana siku moja na mwezi ulioonekana kwa macho, na kwa kazi yetu tofauti hiyo haidhuru.

Usiweke kikumbusho cha bamvua kinachojirudia kila baada ya wiki mbili. Mwezi hutumia siku 29 na nusu kuzunguka, kwa hiyo bamvua hadi bamvua ni karibu siku 14 na robo tatu. Ukirudia kila siku 14, baada ya mara nne umepotea siku tatu, na utafika dikoni, pale boti zinaposhusha mzigo, kabla bamvua haijafika kileleni. Mimi mwanzo wa kila mwezi nakaa dakika tano, naangalia tarehe ya Hijria, naweka vikumbusho viwili kwa mkono. Kengele ya kupwa nayo usiifanye ya kila siku kwa saa ileile, kwani maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku.

Siku za mbalamwezi naandika "dagaa haba". Taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri bahari yote ikiwa na mwanga. Kwa kuona maneno hayo wiki moja mbele, nawaambia wateja wangu mapema na hawakai na makarai matupu.

Hatua ya 7: Mikono ikiwa na maji

Kioo cha simu husikia kidole kwa umeme mdogo wa mwili, na maji ya chumvi hupitisha umeme pia. Ndiyo maana ukiwa na mikono yenye maji kioo kinaruka ovyo. Funga kitambaa kikavu kiunoni kwa ajili ya simu pekee. Vidole vikiwa havifai kabisa, tumia sauti: kwenye Gboard, kibodi ya Google, ongeza Kiswahili, bonyeza alama ya kipaza sauti na useme. Kunahitaji bando kidogo, na namba mara nyingine huandikwa kwa maneno, kwa hiyo mimi huisemea Google Keep tu, lile daftari langu la simu, kisha jioni baada ya isha nahamishia namba kwenye jedwali. Bando likikosekana, kinasa sauti cha simu kinatosha.

Hatua ya 8: Chaji

Nikifika sokoni nawasha hali ya ndege mpaka mnada uishe. Daftari, jedwali, kalenda, kikokotoo na kamera vyote vinafanya kazi. Usiiache simu juani juu ya tenga, joto huua betri haraka kuliko matumizi.

Hatua ya 9: Isipotee na kazi yako

Weka namba ya siri ya kufungulia, na namba ya siri ya pesa usiiandike popote ndani ya simu. Bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho ya simu yako, iandike kwenye karatasi ibaki nyumbani. Ukinunua simu, tuma IMEI hiyo kwenda 15090 ujue kama ni halisi kabla ya kutoa pesa. Tangu Juni 2016 simu bandia huzimwa nchini, na hutaki daftari lako la madeni liwe ndani ya mojawapo.

Mwisho, kila Ijumaa nikiwa na bando nafungua jedwali na kuliacha mpaka lijihifadhi mtandaoni. Kisha naingia kwenye simu ya mwanangu kwa akaunti yangu, naangalia kama deni la mwisho la B14 bombani limefika. Likionekana, natoka kwenye akaunti na kumrudishia simu yake.