Kabla hujampa mtu mswada asome

Mimi huandika vitabu vya kilimo hapa Moshi, na sitoi mswada bila maandalizi. Hakimiliki ni yako tangu unapoandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikudai usajili kwanza. Ila inalinda maandishi, si wazo tupu. Basi jambo lisiloandikwa bado, usilisimulie.

Tuma PDF kwa barua pepe, ili tarehe na jina la mpokeaji vibaki. Juu ya kila ukurasa andika, kwa mfano: “Nakala ya Mwalimu Shayo, kwa mapitio tu, isinakiliwe wala kusambazwa.” Kila msomaji apate nakala yenye jina lake. Anayepitia sura ya migomba mpe hiyo tu, na mkubaliane kwa maandishi lini ataifuta.

Pa kuangalia sana ni stesheneri. Ukichapisha pale stendi, faili hubaki kwenye kompyuta yao. Simama hapo hapo, mwombe kijana kwa upole alifute, kisha amwage na pipa la taka la kompyuta. Kurasa zilizoharibika ondoka nazo.

Ukiweza, sajili mswada COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ni ushahidi mzuri mkifika kwenye ugomvi.